Maswali ya Wasomaji: Je, Nivue Miwani Ninapotazama Nyota kwa Darubini?

Maswali manne kati ya yale tuliyoyapokea kwa ajili ya toleo hili yanahusu jambo moja, nalo ni nafasi ya jicho la mtazamaji katika ubora wa taswira inayotolewa na darubini. La kwanza tumelijibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa majibu ya mengine yanalitegemea.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Njombe. Shule yetu ilipewa darubini ya vioo yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, pamoja na lenzi nne za kutazamia, yaani za milimita 32, 25, 10 na 6. Kwa lenzi ya milimita 32 mimi huona kila nyota kama kistari kifupi kilicholala. Nikizungusha kirungu cha fokasi kistari kinasimama wima, lakini hakigeuki kuwa nukta. Kwa lenzi ya milimita 6 nyota ni nukta safi. Wanafunzi wangu wanasema wao huona nukta kwa lenzi zote, na Mwezi hata mimi ninauona vizuri kwa lenzi zote. Ninavaa miwani, ila huivua ninapotazama kwa sababu nilielezwa kwamba darubini hurekebisha macho yenyewe. Karatasi yangu ya vipimo inaonyesha jicho la kulia −1.00, −1.25, 180, na la kushoto −0.75, −0.50, 175. Jicho ninalotumia ni la kulia. Je, kioo cha darubini yetu kina kasoro? (Mwalimu, Njombe)

JIBU

Mwalimu, umeeleza kwa makini kiasi kwamba ushahidi wote unaohitajika umo ndani ya barua yako. Kioo cha darubini yenu hakionyeshi dalili ya kasoro. Vistari unavyoviona vinatengenezwa na jicho lako la kulia, ambalo lina astigimatizimu, yaani mkunjo usio sawa pande zote, ya dayopta 1.25 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ushauri wa kuvua miwani ni sahihi kwa lenzi ya milimita 6, una walakini kwa ile ya milimita 10, na ni makosa kwa zile mbili kubwa.

Tuanze na kioo. Kama kioo kikuu kingekuwa na astigimatizimu, kasoro hiyo ingekuwemo ndani ya taswira kabla haijafika kwenye lenzi ya kutazamia, na lenzi ingeikuza pamoja na vitu vingine vyote. Ungeiona kwa shida ukikuza mara 38, ambao ndio ukuzaji wa lenzi yenu ya milimita 32, na ingekukera waziwazi ukikuza mara 200 kwa lenzi ya milimita 6. Kwako mambo ni kinyume kabisa: kasoro ni kubwa pale ukuzaji ulipo mdogo, na hutoweka ukuzaji unapoongezeka. Kasoro ya namna hiyo inatoka kwenye jicho. Wanafunzi wanaoona nukta kupitia kioo kilekile wanalithibitisha jambo hilo, na habari ya Mwezi nayo, kama nitakavyoeleza, inaelekea hukohuko.

Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, ndiyo inayopinda miale ya nuru kuliko sehemu nyingine yoyote ya jicho. Konea iliyo kamili ina mkunjo ulio sawa pande zote. Konea yenye astigimatizimu imejikunja zaidi katika mwelekeo mmoja kuliko katika mwelekeo unaoukata huo kwa pembe mraba, mithili ya ubavu wa yai. Kwa hiyo miale inayopita katika mwelekeo wa kwanza hukutana mapema, ile ya mwelekeo wa pili hukutana baadaye, na jicho linakuwa na fokasi mbili badala ya moja. Nyota huchorwa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, kama kistari katika fokasi moja, na kama kistari kinachokikata cha kwanza kwa pembe mraba katika fokasi nyingine. Ndiyo sababu kistari chako hulala kisha husimama unapozungusha kirungu. Katikati ya hali hizo mbili hupatikana kiduara cha ukungu, na hicho ndicho kilicho bora kabisa ambacho kirungu kinaweza kukupatia.

Hapa ndipo ushauri uliopewa unapokosea. Kutoona mbali na kutoona karibu ni kasoro za jicho lenye fokasi moja ambayo haikuangukia mahali pake, nazo darubini huziondoa kwa kusogeza lenzi ya kutazamia mbele au nyuma kwa milimita chache. Kwenye karatasi yako namba ya kwanza, ambayo kwa kawaida huandikwa chini ya SPH, inaondoka kwa njia hiyo. Namba ya pili, iliyo chini ya CYL, ndiyo kiasi cha astigimatizimu, na ya tatu, AXIS, ni mwelekeo wake kwa nyuzi kuanzia 0 hadi 180. Hizi mbili haziondolewi na kirungu chochote, hata ukikizungusha usiku kucha.

Kwa nini basi lenzi ya milimita 6 inakupa nukta? Elekezeni darubini mchana kwenye sehemu angavu ya anga, mbali kabisa na Jua, ambalo kamwe halitazamwi kwa darubini isiyo na kichujio maalumu. Kisha rudisha kichwa nyuma sentimita 30 hivi na uitazame lenzi ya kutazamia. Utaona kiduara cheupe kinachoelea juu yake. Nuru yote iliyokusanywa na kioo cha milimita 200 hupita ndani ya kiduara hicho ili iingie katika mboni yako, na tutakiita duara la nuru. Kipenyo chake hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha darubini kwa ukuzaji, au, kwa njia iliyo fupi zaidi, kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi ya kutazamia kwa uwiano wa darubini (urefu wake wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo chake), ambao kwenu ni 6. Lenzi ya milimita 32 inatoa duara la milimita 5.3, ya 25 inatoa 4.2, ya 10 inatoa 1.7 na ya 6 inatoa milimita 1 tu. Duara dogo hupita katika sehemu ndogo ya katikati ya konea, na katika sehemu ndogo kiasi hicho tofauti ya mkunjo kati ya mwelekeo mmoja na mwingine haipati nafasi ya kuitawanya miale sana. Duara kubwa hutumia upana wote wa mboni, na kasoro yote huingia kazini.

Jambo hili linapimika, na kwa mwalimu wa fizikia ni somo zuri la darasani. Zidisha dayopta za CYL kwa kipenyo cha duara la nuru katika milimita, kisha zidisha tena kwa 3.4. Jibu ni urefu wa kistari katika dakika za tao kama jicho linavyokiona, ambapo dakika 60 ni sawa na nyuzi moja. Kwa jicho lako la kulia na lenzi ya milimita 32 tunapata takriban dakika 23, yaani robo tatu ya upana wa Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Kwa lenzi ya 25 ni 18, kwa ya 10 ni 7, na kwa ya 6 ni 4. Jicho zuri hutofautisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja hivi, kwa hiyo dakika 23 haziwezi kujificha.

Lakini dakika 4 nazo ni nyingi kuliko moja, na msomaji makini atauliza kwa nini hazionekani. Sababu ni kwamba nyota yenyewe, ikitazamwa kwa ukuzaji mkubwa, si nukta tena. Mawimbi ya nuru yanapopita katika mdomo wa darubini hutawanyika kidogo, na kila nyota huchorwa kama kiduara ambacho kwa darubini ya milimita 200 kina upana wa sekunde 1.4 za tao (sekunde 60 ni dakika moja). Ukikikuza mara 200 kinafikia takriban dakika 4.6, kwa hiyo kistari cha dakika 4 kinamezwa ndani yake, hasa ukilenga katikati ya fokasi zako mbili, ambapo ukungu hupungua hadi nusu. Ukikikuza mara 38 kiduara hicho hakifiki hata dakika moja. Nyota ilipaswa kuwa nukta kali kupita uwezo wa jicho kuipima, nawe unaiona imenyoshwa zaidi ya mara 20. Hili ndilo linaloumiza zaidi katika astigimatizimu isiyorekebishwa: inakunyang'anya mandhari pana yenye nyota nyingi, kama vile Kilimia au eneo la Msalaba wa Kusini, ambako uzuri wote unategemea nyota kuwa nukta, na inakuachia sayari na nyota pacha, ambazo hutazamwa kwa duara dogo.

Kiduara nilichokitaja kinaitwa kwa jina la George Biddell Airy, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1835, mwaka uleule alioteuliwa kuwa Mwanaastronomia wa Mfalme huko Greenwich, Uingereza. Ni Airy huyohuyo ambaye miaka kumi kabla, akiwa Cambridge, aligundua kwamba jicho lake la kushoto halimsaidii kusoma. Alitoboa kadi kwa tundu dogo, akaitazama nuru ikipita humo huku akiisogeza kadi karibu na mbali. Aliona nukta ikigeuka mstari, na katika umbali mwingine mstari unaoukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Alipima umbali huo kila mara, akakokotoa umbo la lenzi inayohitajika, lenye mkunjo wa silinda upande mmoja na mkunjo wa tufe upande mwingine, na akatengenezewa na fundi wa Ipswich. Thomas Young alikuwa ameieleza kasoro hii katika jicho lake mwenyewe mwaka 1801, na akaonyesha kwamba kwake yeye haikutoka kwenye konea, kwani hata alipolizamisha jicho katika maji, ambayo huondoa karibu nguvu yote ya konea, haikuondoka. Hata hivyo, miwani ya kuirekebisha ilitokana na Airy. Wewe, Mwalimu, umefanya jaribio lilelile kwa kirungu cha fokasi, na ninakusihi uwaonyeshe wanafunzi wako.

Sasa habari ya Mwezi. Mboni hufunguka gizani na hujibana mbele ya mwangaza. Kijana anaweza kufungua mboni yake hadi milimita 7 katika giza kamili, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Unapoutazama Mwezi mpevu kwa lenzi ya milimita 32, duara la nuru lina milimita 5.3, lakini mwangaza wake unaifanya mboni yako ijibane hadi milimita 2 au 3, na kinachohesabiwa ni kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Mboni imekufanyia kazi ambayo lenzi ya milimita 6 ingeifanya kwa nyota. Unaweza kujihakikishia hilo kwa kutoboa kadi tundu la milimita 2 na kuishikilia kwenye duara la nuru ukitazama nyota kwa lenzi ya milimita 32. Vistari vitafupika sana. Hiyo lakini ni njia ya kupimia tu, kwa sababu tundu hilo linaigeuza darubini yenu ya milimita 200 kuwa ya milimita 75, na linabakiza takriban sehemu moja tu kati ya saba za nuru.

Uthibitisho wa mwisho hauhitaji kifaa chochote. Chagua nyota ya mng'ao wa wastani iliyo juu angani, iweke katikati ya uwanja wa kuonea, na uilenge mpaka kistari kiwe wazi. Kisha zungusha kichwa chako, si darubini. Kistari kikizunguka pamoja na kichwa, kasoro ni ya jicho. Kikibaki kilivyo, zungusha lenzi ya kutazamia ndani ya mshikio wake. Kikizunguka nayo, lenzi ndiyo yenye kasoro. Kikikataa kuzunguka kwa vyote viwili, ndipo uvichunguze vioo, ukianza na vibanio vya kioo kikuu, ambavyo vikikazwa kupita kiasi hukikunja kioo kizima. Usichanganye kistari hiki na miale minne myembamba ya msalaba inayotoka kwenye nyota angavu, kwani hiyo husababishwa na vyuma vinavyokishikilia kioo kidogo, na kila atazamaye huiona.

Ninachokushauri ni hiki. Kwa lenzi za milimita 32 na 25, vaa miwani yako. Kwa lenzi ya milimita 6 ivue. Kwa lenzi ya milimita 10, ambayo haiachi nafasi ya kutosha kwa miwani, hamia jicho la kushoto: lina dayopta 0.50 tu, na kistari chake hakizidi dakika 3. Watu wengi huzoea kutumia jicho moja bila kujua kwamba lile jingine ndilo bora, na kwako tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ambayo lenzi mpya ya bei ghali ingeleta. Kama kanuni ya kukadiria kwa yeyote, zao la dayopta za CYL na kipenyo cha duara la nuru likiwa 1 hivi au pungufu, mtu anaweza kuvua miwani bila kupoteza kitu anachoweza kukitambua.

Kwa wanafunzi, ningefuta kabisa agizo la "vua miwani" linalotolewa mbele ya darubini nyingi usiku wa maonyesho. Mwanafunzi akivua miwani ya −4.00 inabidi fokasi irekebishwe, na anayemfuata anakuta taswira imeharibika. Wote wakibaki na miwani yao na darubini ikiwa na lenzi ya milimita 25, foleni nzima hutumia fokasi moja. Ikiwa mwanafunzi asiye na miwani atakuambia anaona vistari pale ambapo wenzake wanaona nukta, na vistari vikazunguka pamoja na kichwa chake, zungumza na mzazi wake ili apelekwe kupimwa macho. Darubini si kipimo cha tiba, lakini mtoto aliyezaliwa na astigimatizimu hajui kwamba wengine wanaona tofauti, na pengine usiku huo ndio wa kwanza mtu kumuuliza.

SWALI LA PILI

Mhariri, ninavaa miwani kwa ajili ya astigimatizimu ya dayopta 2 na ninajua siwezi kuivua. Tatizo langu ni kwamba miwani inagonga lenzi ya kutazamia na ninaona katikati tu, kingo za uwanja zimekatwa. Pia nimebadilishiwa miwani, sasa ni ile inayosaidia kuona mbali na kusoma katika kioo kimoja. Nifanye nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU

Kila lenzi ya kutazamia inalitupa duara lake la nuru katika umbali fulani nyuma ya kioo chake cha mwisho, na jicho halioni uwanja wote mpaka mboni ifike hapo. Anayevaa miwani anahitaji umbali wa milimita 15 hadi 20, kwa kuwa kioo cha miwani na nafasi iliyo kati yake na jicho vimekwisha kula sehemu kubwa. Lenzi za aina ya Plössl, zinazotokana na kazi ya Georg Simon Plössl wa Vienna mwaka 1860 na ambazo ndizo huja na darubini nyingi za bei ya wastani, zina umbali unaokaribia asilimia 70 ya urefu wao wa fokasi. Ile ya milimita 32 inakuachia milimita 22 hivi, na unaweza kuvaa miwani kwa raha. Ya 25 inakuachia 17, na inategemea miwani yako imekaa karibu kiasi gani na uso. Ya 10 inakuachia 7, na hapo hakuna miwani inayoingia.

Kabla ya kununua chochote, kunja au ondoa mpira unaozunguka mdomo wa lenzi. Wengi hawajui kwamba mpira huo umewekwa kwa ajili ya wasiovaa miwani, na kwamba ukikunjwa huongeza milimita kadhaa na kukilinda kioo cha miwani kisikwaruzwe na chuma. Ikiwa bado haitoshi, zipo lenzi zilizobuniwa kuacha umbali wa milimita 20 hata kwa fokasi fupi. Kwa mtu wa dayopta 2, ambaye kwa kanuni niliyomweleza Mwalimu wa Njombe anahitaji miwani mpaka duara la nuru lifikie nusu milimita, fedha zake zingeelekezwa huko kwanza kabla ya kununua darubini kubwa zaidi.

Miwani uliyopewa sasa ni kikwazo chenyewe. Kioo chake hubadilika nguvu kutoka juu kwenda chini, na pembeni kina upotoshaji wake. Mbele ya lenzi ya kutazamia jicho huhama bila wewe kujua, na kila likihama fokasi hubadilika. Mwombe mtaalamu wako wa macho akutengenezee miwani ya pili ya kuona mbali tu, yenye nguvu moja kioo kizima, ikiwa na CYL na AXIS zako zote. Ichague yenye fremu inayokaa karibu na uso, na uitumie kwa kazi hiyo peke yake. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya lenzi moja nzuri ya kutazamia.

Njia nyingine mbili zinafaa kutajwa. Kampuni ya Tele Vue ya Marekani hutengeneza kirekebishi kiitwacho Dioptrx, kinachofungwa juu ya baadhi ya lenzi zake za kutazamia na kuzungushwa mpaka mhimili wake uafikiane na wa jicho. Kinafanya kazi vizuri, lakini unahitaji kukizungusha upya kila unapoinamisha kichwa kwa pembe tofauti, na mgeni anayetazama baada yako ataona kasoro yako ikiwa imepandikizwa katika jicho lake zima. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho zilizotengenezwa kwa ajili ya astigimatizimu nazo hukuachia nafasi yote, ila zinaweza kuzunguka kidogo unapopepesa, na taswira hutikisika mpaka zitulie. Miwani ya kawaida huinama pamoja na kichwa na mhimili wake haupotei, na kwa maoni yangu hilo linatosha kuifanya chaguo la kwanza.

SWALI LA TATU

Macho yangu yalipimwa na hayana astigimatizimu. Nyota za katikati ni nukta, lakini za pembezoni mwa uwanja zina mabawa mawili madogo. Darubini yangu ina uwiano wa 5. (Msomaji, Morogoro)

JIBU

Hiyo ni astigimatizimu ya lenzi ya kutazamia. Lenzi yenye vioo vichache hupinda miale inayoingia kwa mshazari kwa nguvu tofauti katika mielekeo miwili, na darubini yenye uwiano mdogo kama 5 huipelekea miale iliyochanuka sana, ambayo inaifichua kasoro hiyo. Lenzi hiyohiyo katika darubini yenye uwiano wa 10 ingekuridhisha. Pamoja na mabawa hayo kuna kasoro nyingine inayotokana na kioo chenyewe cha umbo la parabola, ambayo huipa nyota ya pembeni mkia mmoja unaoelekea nje; jaribu kuitambua kwa kutazama kama umbo lina pande mbili zinazofanana au upande mmoja tu. Mabawa huondolewa kwa lenzi bora ya kutazamia, mkia kwa kirekebishi maalumu kinachowekwa kabla ya lenzi. Kama unachokitazama hukaa katikati, kasoro zote mbili hazikupotezei kitu.

SWALI LA NNE

Mwanangu ana miaka 14 na anapenda sana kutazama nyota. Amebadilishiwa miwani mara mbili katika muda mfupi, kila mara CYL imepanda, na bado anasema Sirius ina vivuli vitatu au vinne upande mmoja. Pia anasugua macho sana kwa sababu ya mzio. Je, ni astigimatizimu ya kawaida? (Mzazi, Nakuru)

JIBU

Mzazi, astigimatizimu ya kawaida hunyosha nyota katika mwelekeo mmoja na hurekebishwa na miwani. Nyota inayozaa vivuli kadhaa hata miwani ikiwa mpya, pamoja na CYL inayopanda harakaharaka katika umri wa ujana, ni dalili zinazotaka uchunguzi wa ugonjwa uitwao keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchongoka taratibu. Kusugua macho kwa sababu ya mzio huhusishwa na ugonjwa huo. Sisemi kwamba mwanao anao, kwa kuwa hilo halijulikani mpaka konea ipimwe umbo lake kwa mashine inayochora ramani yake, na duka la miwani kwa kawaida halina mashine hiyo. Mpeleke kwa daktari bingwa wa macho katika hospitali yenye kitengo cha konea, na umweleze daktari hasa kile ambacho mtoto anakiona kwenye nyota, ikiwezekana kwa mchoro alioufanya mwenyewe kwa kila jicho peke yake.

Msiache jambo hili likae miezi. Keratokonasi ikigunduliwa mapema, yapo matibabu ya kuimarisha konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ambayo lengo lake ni kuizuia isiendelee kuharibika, na kwa vijana ndiko inakoweza kuendelea kwa kasi zaidi. Mzio nao utibiwe ili aache kusugua macho. Katika kipindi cha kusubiri anaweza kuendelea kutazama bila hofu yoyote ya kujidhuru, kwani darubini ya usiku haizidishi ugonjwa, na kwa ukuzaji mkubwa, ambapo duara la nuru lina milimita 1 au pungufu, ataona Zohali na pete zake kwa usafi ambao macho yake matupu hayawezi kumpa kwa sasa.